Chuchumaa kabla hujanunua TV

Wasee, nikiwa mdogo hapa Masalani nililipa kiingilio nione mpira. Wakubwa kwenye viti waliona rangi safi. Sisi watoto tuliokaa chini tuliona giza tu. Nikadhani macho yangu mabovu.

Kumbe ni paneli. LCD nyingi za bei rahisi zilitumia TN, teknolojia ya miaka ya 1970: ukiitazama kutoka chini, picha inaingia giza. Mwaka 1996 Hitachi ikatoa IPS: ukikaa pembeni rangi hazibadiliki, ila nyeusi yake ni kama kijivu. Fujitsu nayo ikaleta VA: nyeusi kali, lakini pembeni inafifia.

Basi dukani usisimame katikati pekee. Chuchumaa. Sogea kando. Huko ndiko watoto hukaa, na wao pia wamelipa.