Simu Haijawahi Kukuletea Sauti Nzima

Wasee, kuna jioni moja shosho wangu alinipigia akiuliza kama nimetoka hospitali. Hospitali gani? Mimi nilikuwa kwa nyumba nahariri video. Kumbe mchana huo "mimi" nilikuwa nimempigia nikilia: nimeanguka na boda, simu yangu imevunjika, natumia ya daktari, Shosho tafadhali tuma kitu kwa hii namba. Akatuma 4,500. Ilikuwa pesa yake ya maziwa, yote.

Nikamuuliza, "Lakini Shosho, ilikuwa sauti yangu kweli?"

Akanijibu bila kusita: "Kijana yangu, mimi ndiye nilikulea. Nitakosaje kujua sauti yako?"

Nyumbani kila mtu akasema hiyo ni AI. Labda. Lakini mimi nina shaka, na sababu yangu inaanzia mbali kidogo, kwa hivyo nivumilie.

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa simu kule Marekani. Mwaka uliofuata, 1877, Thomas Edison akatengeneza fonografu, mashine ya kunasa sauti na kuirudia. Hebu fikiria kabla ya hapo. Tangu binadamu aanze kuongea, ukisikia mama anaongea, basi mama yuko hapo karibu. Sauti na mwili vilitembea pamoja. Masikio yetu yalikulia kwa sheria hiyo, na simu ikaivunja juzi tu.

Sasa, nyaya ni pesa. Kampuni za simu zikajiuliza swali la kibiashara: tunaweza kutupa kiasi gani cha sauti ya mtu na bado aeleweke? Baada ya miaka mingi ya kupima, kiwango kilichokubalika kikawa hiki: laini ibebe mitetemo kuanzia 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Iliyo chini ya hapo, kata. Iliyo juu, kata.

Shida ni kwamba mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanaume mzima huwa karibu 120 kwa sekunde, na wa mwanamke karibu 200. Yaani msingi wenyewe haukupita kwenye waya! Na bado watu walisikia besi ya baba zao vizuri tu. Ilitoka wapi? Ubongo. Unachukua vipande vilivyofika, unapiga hesabu, unajijengea kilichokosekana. Ule uzito wa sauti ya mzee kwa simu, wewe ndiye uliuweka.

Huko juu nako kulikatwa vitu. Sauti za "s" na "f" zinatofautiana zaidi kwenye mitetemo ya juu, ambayo simu haikubeba. Mtu akikuambia "sisi tumefika", masikio yanaweza kupata "fisi tumefika". Hujacheka kwa sababu maana ya sentensi imekusaidia kuchagua. Lakini akikutajia jina geni, maana haisaidii, ndiyo unalazimika kuuliza: ni S ya Samueli ama F ya Fatuma?

Halafu zikaja simu za mkononi. Mtandao wa GSM ulioanza 1991 ulikuwa mchoyo zaidi. Simu ya waya ya kidijitali ilitumia biti 64,000 kwa sekunde kubeba sauti. GSM ya kwanza ilitumia 13,000. Iliwezaje? Haikutuma sauti yako kama ilivyo. Mara 50 kila sekunde, simu yako ilipima jinsi koo na mdomo wako vinavyoitengeneza sauti, ikatuma hayo maelezo, na simu ya upande wa pili ikayatumia kuunda sauti upya. Ni kama kumtumia fundi vipimo badala ya nguo.

Hata kimya ni cha kutengenezwa. Ukinyamaza, simu inaweza kuacha kutuma kabisa ili kuokoa betri. Sasa ili mwenzako asidhani laini imekatika, simu yake inajitungia kelele kidogo ya chinichini. Wewe unasikiliza pumzi ya mtu, kumbe ni mashine inakutuliza.

Na usijione uko salama eti hizo ni sauti za wengine. Ile siku nilisikia sauti yangu kwa video ya kwanza, niliifuta. Nilidhani maikrofoni ni mbovu. Mwaka 1966 watafiti wawili Wamarekani, Philip Holzman na Clyde Rousey, waliandika kuhusu mshtuko huo huo. Ukiongea, unajisikia kwa njia mbili: hewani na kupitia mifupa ya kichwa, na mifupa inakuongezea uzito. Rekodi haina mifupa yako. Hiyo sauti nyembamba unayoichukia kwa VN ndiyo sisi wengine tumeizoea miaka yote.

Kwa hivyo sauti ya mbali ni kazi ya watu wawili: anayeongea, na anayesikia akijaza mapengo. Hapo ndipo mambo huwa hatari, na Kenya tunajua vizuri.

Redio ilianza Nairobi mwaka 1928. Kufikia enzi za wazazi wetu, kulikuwa na sauti ambazo nchi nzima ilizijua bila kujua sura. Leonard Mambo Mbotela alikuwa mmoja wao, wa mpira na wa "Je, Huu ni Ungwana?" Watu walikuwa wameshamchora kichwani: mzee mpole, mwenye adabu, wa kuaminika. Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa angani waliojaribu kupindua serikali walimtoa nyumbani kwake, wakampeleka Sauti ya Kenya, na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Angalia ujanja huo. Bunduki walikuwa nazo, lakini walijua bunduki haisikiki Kisumu wala Mombasa. Walihitaji sauti ambayo watu tayari wanaiamini. Jeshi tiifu lilikomboa kituo siku hiyo hiyo, lakini kwa zile saa chache, aliyewasha redio alisikia mtu anayemjua. Sauti ilikuwa yake kabisa. Maneno hayakuwa yake.

Kwa shosho wangu ilikuwa kinyume. Maneno yalikuwa yangu, "Shosho" na "tafadhali", lakini sauti haikuwa yangu. Ongeza kilio, ongeza laini mbovu, ongeza hofu ya boda. Mapengo yalikuwa mengi, na yeye aliyajaza na mjukuu wake. Hakuwa mjinga. Alifanya kile simu imetutegemea tufanye tangu mwanzo. Upendo wake ndio ulimalizia kazi ya mwizi.

Ndiyo maana nasema AI haikuhitajika. Ila inakuja. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walionyesha mfumo unaoitwa VALL-E, unaoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sekunde 3 tu. Mimi nimeweka masaa na masaa ya sauti yangu mtandaoni, bure. Wewe je? Na sauti za WhatsApp sai hazikatwi kama zile za simu za zamani, ziko safi. Tunafurahia, lakini mwizi naye anapata sampuli safi.

Maoni yangu ni haya: tuache kuwafunza wazee wetu eti wasikilize kwa makini. Kusikiliza kwa makini hakutamwokoa mtu ambaye masikio yake yanamsaidia mwizi. Wafunze kukata simu na kupiga ile namba wanayoijua. Na muwe na swali moja la nyumbani, la kitu ambacho hakijawahi kuwekwa mtandaoni.

Sisi letu linahusu ng'ombe mmoja wa zamani. Juzi nilimpigia Shosho kumsalimia tu. Akaniuliza jina la ng'ombe. Nikababaika, nikataja jina la mwingine.

Akanikatia simu.

Sijawahi kufurahi hivyo kukatiwa. Sasa na nyinyi, mna swali gani kwenu? Jibu lake usiniandikie hapa.