Shule za Misheni ya Kikatoliki katika Nchi ya Kilwa na Lindi: Nafasi za Mwalimu na za Mwanafunzi

Katika habari za elimu ya kusini mwa Tanzania, husemwa mara nyingi kwamba watu wa pwani walibaki nyuma kwa sababu hawakuipenda shule, na watu wa bara wakatangulia kwa sababu waliipokea. Maneno hayo yamerudiwa hata yakawa kama mithali. Lakini mtu akitazama jinsi shule za Wakatoliki zilivyoenea tangu mwisho wa karne ya 19, ataona kwamba jambo lenyewe halikuwa la mapenzi peke yake. Lilikuwa pia jambo la mahali shule zilipojengwa, la herufi zilizotumika kuandikia, na la masharti yaliyofungamana na kazi ya ualimu. Tena lipo jambo moja la ajabu: lugha iliyofundishiwa katika shule hizo ilikuwa ni ile ile ya watu wa pwani, ambao wengi wao hawakuingia ndani yake.

Kabla ya padri wa kwanza kufika, Kilwa Kivinje na Lindi hazikuwa nchi zisizo na elimu. Watoto walipelekwa chuoni kusoma Kurani, na neno lenyewe *chuo* lilikuwa na maana ya kitabu kabla ya kuwa jina la mahali pa kusomea. Aliyewafundisha aliitwa *mwalimu*, na cheo chake kilikuwa cha heshima katika mtaa. Kwa herufi za Kiarabu watu waliandikiana barua, wakaweka hesabu za biashara na za madeni, wakatunga tenzi. Ushahidi ulio wazi ni utenzi wa Vita vya Maji Maji uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki iliuchapisha mwaka 1957 pamoja na tafsiri yake. Mtu aliyeweza kutunga kazi kama ile hakuwa mjinga wa kusoma na kuandika, ingawa hakuilelewa elimu yake na misheni.

Wamisionari wa Kikatoliki waliokuja sehemu hizi walikuwa Wabenediktini wa St. Ottilien, shirika la Kijerumani lililoanzishwa mwaka 1884. Kituo chao cha kwanza, Pugu, kilijengwa mwaka 1888 kikavunjwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri. Walipogeukia kusini waliingia bara: walianzisha kituo cha Lukuledi mwaka 1895, cha Nyangao mwaka 1896, na cha Peramiho, mbali upande wa magharibi, mwaka 1898. Njia hiyo haikuwa ngeni, kwa maana Waanglikana wa UMCA waliishika mwaka 1876 walipokwenda Masasi kupitia Lindi. Sababu yake si ngumu kufahamika. Miji ya pwani ilikuwa ya Waislamu tangu karne nyingi, nao wamisionari walitafuta watu ambao dini hiyo ilikuwa haijawashika sana, kama Wamwera na Wamakua. Basi pwani ikawa bandari ya misheni, haikuwa makao yake.

Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Nandete katika milima ya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, vilikaribia kuikomesha kazi hiyo. Askofu Cassian Spiss alishuka Kilwa akashika njia ya Liwale kwenda Peramiho. Tarehe 14 Agosti 1905 aliuawa Mikukuyumbu pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Lukuledi na Nyangao zilichomwa moto. Lakini mwaka uliofuata, 1906, kilianzishwa kituo cha Ndanda, ambacho kilikuja kuwa kikubwa kupita vyote vya upande ule. Hapo Ndanda, si Kilwa wala mji wa Lindi, ndipo nafasi za elimu zilipokusanyika.

Yafaa ikumbukwe kwamba wakati wa Wajerumani kijana wa pwani hakuwa nyuma. Serikali ilikuwa na shule zake zisizofundisha dini. Ya Tanga ilifunguliwa mwaka 1892, na baadaye miji mingine ya pwani, Kilwa na Lindi zikiwamo, ilipata zake. Katika shule hizo walitoka makarani na maakida, nao wengi wao walikuwa Waislamu. Neno *shule* lenyewe ni kumbukumbu ya zama zile, kwa kuwa asili yake ni Kijerumani, na *bruda* la misheni ni la asili hiyo hiyo. Wakati Unguja, iliyotawaliwa na Waingereza, ilishika neno *skuli*. Hivyo mtoto wa Kivinje mwaka 1910 alikuwa na chuo cha mwalimu wake na pia mlango wa kazi ya serikali. Mtoto wa Nyangao alikuwa na katekista wake tu.

Mambo yalipinduka chini ya Waingereza. Wabenediktini Wajerumani waliondolewa kwa sababu ya vita, wakarudi katika miaka ya 1920. Wakati huo huo serikali mpya, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza wa elimu alikuwa Stanley Rivers-Smith, iliona kwamba haina fedha za kujenga shule za kutosha. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 na sheria ya mwaka 1927 vilifanya misheni kuwa mshirika wa serikali: shule itakayofuata taratibu zilizowekwa, ikawa na walimu wenye cheti na kukubali kukaguliwa, itapewa msaada wa fedha. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwahimiza maaskofu waliokutana Dar es Salaam washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote, na pale wasipoweza kufanya yote mawili, shule itangulie hata mbele ya kanisa. Tangu hapo fedha zilifuata mahali shule za misheni zilipokuwapo, nazo zilikuwa bara.

Jambo hilo liliwagawa walimu mafungu mawili. Katika vijiji kulikuwa na shule ndogo ambazo Wazungu waliziita za porini, na aliyezitunza alikuwa mwalimu wa dini na wa kusoma kwa pamoja, akilipwa kidogo na misheni. Juu yake alisimama mwalimu wa cheti, ambaye mshahara wake ulitegemea msaada wa serikali. Kwa kijana wa Kimwera au wa Kimakua asiyekuwa na mali, cheti hicho kilikuwa njia ya kupata mshahara bila ya kwenda kukata mkonge. Neno *mwalimu*, lililokuwa la chuo cha Kurani, likahamia kwa mtu mwenye chaki na ubao. Na katika mji mmoja waliweza kuwapo walimu wawili, kila mmoja na wanafunzi wake, pasipo mmoja kuutambua usomi wa mwenziwe.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kukisimamia. Kimgao, lugha ya pwani ya Kilwa na Lindi, kikahesabiwa kuwa lahaja tu. Mtoto wa Ndanda, ambaye mama yake alisema Kimakua, alijifunza Kiswahili sanifu katika kitabu chenye herufi za Kirumi, akafanya mtihani kwa lugha hiyo. Mtoto wa Kivinje alikinyonya Kiswahili katika maziwa ya mama, akakiandika kwa herufi za Kiarabu, lakini maandishi yake hayakuwa na mahali katika mtihani wala katika daftari la afisa wa serikali. Mwenye lugha akawa mgeni wa lugha yake.

Ngazi ya mwanafunzi nayo ilikuwa ndefu. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso karibu na Masasi mwaka 1938, alisoma Ndanda, kisha seminari ya Kigonsera upande wa Songea, kisha Pugu, akahitimu Makerere mwaka 1962. Na tangu mwaka 1995 hata 2005 alikuwa Rais wa Tanzania. Kila daraja ya safari hiyo, mpaka kufika Makerere, ilikuwa ya Kanisa. Kwa mtoto wa Kiislamu wa Kilwa ngazi hiyo ilikuwapo kwa macho tu. Wazazi waliogopa, wala si bure, kwamba aingiaye shule ya misheni atatoka na jina jingine.

Hata kwa walioingia, nafasi haikuwa huru. Mwalimu wa misheni alitakiwa awe na ndoa ya kanisani na mwenendo wa kuridhisha, na akikosa hilo aliweza kupoteza kazi pamoja na nyumba. Siasa nayo haikupatana na ualimu. Julius Nyerere, aliyekuwa akifundisha Pugu, ilimlazimu kuchagua moja mwaka 1955, akaiacha kazi. Msomi mwenye shahada ya Edinburgh aliweza kuchagua hivyo. Mwalimu wa kijijini mwenye watoto alinyamaza.

Baada ya Uhuru minyororo hii ililegezwa kwa hatua. Mwaka 1962 utumishi wa walimu wote uliunganishwa, mwalimu wa misheni akawa sawa na wa serikali kwa mshahara na haki. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule zilizokuwa zikipata msaada, shule ya sekondari ya Ndanda ikiwa mojawapo. Kanisa likabakiwa na seminari, kama ile ya Namupa. Mlango wa Ndanda ukafunguka kwa mtoto wa Kivinje bila kuulizwa dini yake. Miongo miwili baadaye mwelekeo uligeuka tena: mwaka 1992 serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa juu ya huduma za jamii, na mwaka 2009 Kanisa Katoliki likafungua chuo kikuu kishiriki cha Stella Maris huko Mtwara. Chuo cha elimu ya juu kikawa pwani, karne moja na zaidi baada ya mapadri kuipita pwani hiyo wakienda zao bara.

Yanayotokana na habari hizi ni mambo mawili. La kwanza, shule za Wakatoliki ziliwapa watu wa bonde la Lukuledi na nchi za jirani nafasi ambazo hawangezipata kwingine, na anayekana hilo hasemi kweli. La pili, kupungukiwa kwa Kilwa kusihesabiwe kuwa ni uvivu wa watu wake. Hesabu ya wasomi ilifanywa kwa herufi za Kirumi peke yake. Waliosoma kwa nyingine hawakuhesabiwa. Barua na tenzi zilizobaki katika masanduku ya nyumba za Kivinje, Lindi na Mikindani ndizo daftari la hesabu ya pili. Nazo huliwa na mchwa kila mwaka, hivyo anayetaka kuzisoma hana muda mrefu wa kungoja.