Jinsi alama za ardhini zinavyosahihisha ramani za mikoko

PICHA ya msitu wa mikoko iliyopigwa kutoka angani yaweza kuwa safi kiasi cha kuonyesha kila tawi, na bado ikakosea kuhusu mahali ulipo msitu wenyewe. Kipokezi cha kawaida cha setilaiti kilicho ndani ya droni hukosea kwa mita kadhaa, na kwa upande wa kimo kosa huwa kubwa zaidi.

Ukingo wa msitu wenye urefu wa kilomita 1 ukisogezwa ramanini kwa mita 3 tu, hekta 0.3 za mikoko zitaonekana kuongezeka au kutoweka, ilhali hakuna aliyepanda wala kukata mti. Katika Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka wa 2013 kuipa jamii mapato ya kaboni kwa kutunza hekta 117, ni muhimu mabadiliko ya kweli yatenganishwe na makosa ya ramani.

Dawa yake ni alama za ardhini: vibao vyenye miraba myeupe na myeusi, vinavyowekwa kabla ya droni kuruka. Kitovu cha kila kibao hupimwa kwa kipokezi cha wapimaji ardhi, ambacho hukosea kwa sentimita chache tu. Programu ya kompyuta inapounganisha picha, hulazimika kuzifuata alama hizo. Kinadharia alama 3 zatosha. Wapimaji makini huweka 5 au zaidi, pembeni na katikati, kwani zikirundikwa upande mmoja ramani huweza kubonyea mfano wa bakuli. Baadhi ya alama hazitumiki kusahihisha ramani, bali hutengwa ili kuikagua baadaye. Bila hizo, madai ya usahihi ni maneno matupu, hata kwa droni za kisasa zenye vipokezi bora.

Pwani ina vikwazo vyake. Majani hufunika alama, tope humeza vibao, na maji ya bamvua, ambayo Mombasa hupanda na kushuka kwa karibu mita 4, huvichukua. Ndiyo maana kazi hufanywa maji yakipwa, na alama huwekwa kwenye mianya ya msitu au hupakwa rangi juu ya mwamba.

Mtego mwingine ni wa zamani. Ramani nyingi rasmi za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali setilaiti za GPS hutumia WGS 84. Kuichanganya mifumo hiyo husogeza mahali kwa takriban mita 300, na msitu waweza kujikuta baharini au shambani mwa watu. Kosa hilo halirekebishwi na wingi wa alama, iwapo mpimaji hakuandika ametumia mfumo upi.