Simu haiingizi chaji: kutoka mche wa sabuni hadi sistimu chaji

Najua kijiwe kimeota nyasi, na wawili watatu mmenitumia ujumbe wa kunisuta. Lawama nazipokea. Lakini wiki hii nina sababu, tena ya maana: simu yangu iligoma kuingiza chaji.

Najua unacheka. Simu kugoma chaji ni habari? Subiri kwanza. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na sauti ya babu yangu, dakika kama 40 hivi, niliyomrekodi barazani kwake Jangwani akisimulia maisha ya mjini tangu alipokuja kijana. Babu alifariki mwaka jana. Mimi, mwandishi wa habari ninayelipwa kutunza maneno ya watu, sikuwahi kuinakili sauti hiyo popote. Kila siku nilisema kesho. Jumanne nikarudi kutoka kazini, simu ina asilimia sita, nikachomeka waya, kimya. Nikageuza waya, kimya. Nikapuliza tundu kama mtu anayepuliza mkaa, kimya. Ilipofika asilimia tatu nikaizima mwenyewe kabla haijajizima.

Asubuhi nikavuka Msimbazi, nikaingia Aggrey. Wageni wa Dar niwaambie tu kwamba Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo ndiko simu zinakozaliwa, zinakougua na zinakozikwa. Fundi wa kwanza aliishika simu sekunde kumi tu. "Sistimu chaji imekufa, dogo. Elfu arobaini." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, kwamba ikibidi ataiflashi. Neno hilo lilinitoa jasho. Kuflashi ni kufuta kila kitu. Nikaichukua simu yangu nikasema naenda kutafuta hela, uongo ambao pale mtaani wanausikia mara mia kwa siku.

Nikawa natembea na simu iliyozimwa mfukoni, na kwa kuwa sikuwa na kitu cha kuperuzi, nikaanza kufikiri. Hili jambo la simu kuomba chaji lina umri gani hapa kwetu?

Simu za mkononi zilianza Tanzania mwaka 1994, Mobitel walipowasha mtambo wao hapa Dar. Ndiyo zama za mche wa sabuni. Vijana wa sasa mkiona picha mnadhani jina ni utani, lakini kweli simu ilikuwa kama mche wa sabuni, ndefu, nzito, na mwenye nayo aliishika kichwani hata kama hakuna anayeongea naye. Sehemu kubwa ya uzito ule ilikuwa betri. Waliokuwa nazo walikuwa wachache, wenye ofisi na wenye magari, na umeme wa kuchajia haukuwa tatizo lao. Tatizo lilikuwa bili.

Sisi wengine wakati huo tulikuwa tunahangaika na redio. Hapa niseme kitu ambacho huwa kinasahaulika: utamaduni wetu wa kubembeleza betri haukuanzia kwenye simu. Wazee wetu walikuwa wananunua betri za National, ambazo Wajapani wa Matsushita walizitengeneza hapa hapa Dar, kiwandani Barabara ya Pugu, na zikichoka hawazitupi. Wanazianika juani. Bibi yangu alikuwa na mahali maalumu pa kuanikia, juu ya bati, pembeni ya dagaa. Na kweli jua lilirudisha uhai kidogo, kwa sababu joto huharakisha kemikali zilizobaki ndani, ukapata taarifa ya habari na nusu ya mpira kabla redio haijaanza kunong'ona. Mafundi wengi wa mwanzo wa simu Kariakoo walitoka kwenye redio hizo. Walishajua kushika mita na risasi ya kuchomelea kabla hawajaiona Nokia.

Nokia ndiyo iliyoileta chaji kwa mtu wa kawaida. Vodacom walianza mwaka 2000, Celtel wakafuata mwaka 2001, bei za laini zikaanza kushuka, na mwaka huo huo wa 2000 Nokia 3310 ikatoka kiwandani. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya nikeli. Kumbukeni hilo neno, nikeli, maana ndilo lililozaa sheria ambayo mpaka leo inatembea mjini kama Katiba: ukinunua simu mpya, ichaji masaa nane kabla hujaiwasha, na usiichaji mpaka iishe kabisa. Mama yangu aliniambia hivyo. Muuza duka aliniambia hivyo nilipochukua simu hii. Kwa betri za nikeli ushauri huo ulikuwa na akili, kwa sababu zile za zamani zaidi, za nikeli na kadimiamu, ukizoea kuzichaji zikiwa nusu zilianza kupoteza uwezo. Ila betri za lithiamu, ambazo Sony waliziingiza sokoni mwaka 1991 na ambazo watu watatu walipewa Nobel ya kemia kwa ajili yake mwaka 2019, hazina tabia hiyo. Kinyume chake, hazipendi kuishiwa mpaka sifuri. Betri zilibadilika ndani ya simu zetu, sheria ikabaki vile vile. Simu ya lithiamu ikiisha kabisa na ukaiacha kabatini wiki tatu, ukija kuichomeka haioneshi kitu, unadhani imekufa. Mara nyingi haijakufa. Iache kwenye umeme nusu saa bila kuigusagusa, itaamka. Ni simu ngapi zimefunguliwa na mafundi kwa kosa la kukosa nusu saa hiyo?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2006 nilikuwa ndiyo kwanza naanza shule, na ninachokumbuka ni giza. Mvua zilikuwa zimegoma, mabwawa kama Mtera yamekauka, na nchi iliyotegemea maji kwa umeme ikaingia kwenye mgawo. (Ndiyo mgawo uliotuletea Richmond, na Richmond ikamfanya Waziri Mkuu Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na wengine waliiandika vizuri kuliko mimi nitakavyoweza.) Umeme ukirudi usiku, nyumba nzima inaamka kuchaji. Nyumbani kwetu kulikuwa na soketi moja inayofanya kazi na simu nne. Hapo ndipo nilipojifunza foleni. Wenye jenereta Kariakoo walifanya biashara, unaacha simu unapewa kikaratasi chenye namba, unarudi jioni. Vijijini kwa mama, mtu mwenye betri ya gari au sola alikuwa mkubwa kuliko mwenyekiti wa kijiji.

Na hapo ndipo ilipotawala ile chaja tuliyoiita kobe. Mnaikumbuka? Unatoa betri kwenye simu, unaibana kwenye lile koleo la plastiki, unasogeza vile viwaya viwili mpaka vikae kwenye alama, taa nyekundu na kijani zinaanza kuchezacheza. Ilikuwa haijali simu ni ya kampuni gani wala tundu limeharibika. Kwa mtazamo wangu, ule ndio ulikuwa uhuru kamili wa mwenye simu. Tundu limekufa? Toa betri, bana. Betri imechoka? Nunua BL-5C nyingine. Betri hizo hizo za BL-5C ziliwahi kuitoa jasho Nokia: Agosti 2007 walitangaza kwamba betri milioni 46 zilizotengenezwa kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006 zingeweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Na aliyezitengeneza ni nani? Matsushita, wale wale wa betri za bibi za kuanika juani. Dunia ndogo hii.

Uhuru ule tulinyang'anywa polepole. Kwanza zikaja simu za Mchina, laini mbili, laini tatu, antena ya televisheni, spika ya kuamsha mtaa, kila moja na tundu lake la ajabu. Kuta za Kariakoo zikajaa chaja zinazoning'inia kama samaki wa kukausha. Nyingi zilikuwa feki na simu zenyewe nyingi feki, mpaka usiku wa Juni 16, 2016 TCRA wakazima simu bandia nchi nzima, tukawa tunabonyeza *#06# kwa hofu. Wakati huo huo simu za kupangusa zikaja na betri zilizogandishwa ndani kwa gundi. Kobe akafa hapo. Tangu siku hiyo mlango wa kuingiza umeme ukabaki mmoja, na ukifungwa, umefungwa.

Sasa angalieni mlango wenyewe. Nokia ya zamani ilikuwa na tundu la duara, mguso wa ndani na wa nje, basi. Micro-USB, ambayo makampuni makubwa yalikubaliana na Umoja wa Ulaya mwaka 2009 kuifanya ya wote, ina pini tano. Hii ya sasa, Type-C, ambayo Ulaya imeilazimisha kisheria kwa simu mpya tangu Desemba 28, 2024, ina pini 24 ndani ya nafasi ndogo kuliko punje ya harage. Faida tumeipata, hata wenye iPhone tangu ile ya 15 ya mwaka 2023 wanaazima waya kwa watu wa kawaida. Lakini tundu ni jembamba, lina ulimi katikati, na sisi tunaliweka chini mfukoni, kwenye jeans, ndani ya daladala, kwenye vumbi la Kariakoo.

Hayo ya mwisho sikuyajua mimi. Nilifundishwa na fundi wa pili, mzee mmoja niliyeelekezwa na muuza kahawa, amekaa kwenye kona ya ngazi na meza isiyozidi upana wa gazeti. Nilimwamkia, nikamweleza habari ya babu kabla ya kueleza habari ya simu. Hakusema kitu. Akachukua waya wake akachomeka. Kimya. Akachukua waya wangu akajaribu kwenye simu nyingine, ikaingiza. Kwa hiyo waya mzima, kichwa kizima. "Watu wanakuja hapa simu nzima, waya mbovu," akasema. Akanionesha waya za bei chee alizozichana: ndani nyuzi mbili tu badala ya nne. Umeme unapita ila simu na chaja haziwezi kusemezana, ndiyo maana inachaji kama inadonoa.

Akaniuliza kama simu ilikuwa juani, kwa sababu betri ikipata moto wa kama nyuzi 45 simu yenyewe hukataa chaji mpaka ipoe. Haikuwa juani. Akauliza kama iliingia maji. Hapo tukachepuka, maana ukimtajia mtu wa Jangwani maji umefungua daftari. Alikuwa na meza hapo hapo Desemba 2011, mafuriko yalipopita bondeni na kuua takriban watu 40 jijini, na waliobaki bila nyumba wakapelekwa Mabwepande. Baada ya maji, alisema, wateja walikuja na simu kwenye mifuko ya mchele. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya simu, unaacha unga kwenye tundu tu. Hata Apple wenyewe wamewaonya wateja wao. Aliwaambia watoe betri, akaosha bodi kwa spiriti na mswaki. Nyingi zilipona. Wengi hawakuzijali simu, alisema, walitaka namba zilizokuwa ndani, wapate kujua nani yuko hai.

Kisha akawasha tochi, akachungulia, akacheka. Akachukua kijiti cha meno, akakichonga kikawa chembamba zaidi, akahakikisha simu imezimwa, akachokonoa taratibu pembeni ya ule ulimi. Sindano hatumii, inakata pini na kuunganisha umeme pasipotakiwa. Ikatoka sufi ya bluu, iliyoshindiliwa mpaka imekuwa kama kipande cha kandambili. Ikatoka nyingine. Jeans yangu ya kazini hiyo, miaka miwili. Akapitisha mswaki wenye tone la spiriti, akasubiri ikauke, akachomeka waya. Ukaingia mpaka mwisho, ukalia "tik", mlio ambao nilikuwa nimeusahau. Baada ya dakika kama tano picha ya betri ikatokea.

Elfu arobaini, wadau. Kwa ajili ya sufi. Sisemi fundi wa kwanza ni tapeli, sistimu chaji huwa zinakufa kweli, pini zinapinda na kuoza. Ila hakuchungulia.

Mzee alikataa hela, nikamnunulia soda na andazi. Sauti ya babu nimeinakili palepale kwa simu ya rafiki, kisha kwenye kompyuta ya ofisini, kisha kwenye flashi niliyompa mama. Nikimaliza kuiandika nitaweka vipande hapa. Kuna dakika kama sita anaongelea Yanga peke yake, watu wa Msimbazi mtanivumilia.