Ngozi za Viti Vyetu
Zamani hapa Meru na Embu ngozi ndiyo iliyokuwa vazi na malalo. Iliwambwa juani kwa vijiti, ikaparuzwa, ikalainishwa kwa mafuta ya mbarika. Na ilipoanza kukakamaa ilipakwa tena, kabla haijachanika. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kenya ililetewa miwati, ambayo magome yake hutumika kutengenezea ngozi viwandani. Lakini hata ngozi hiyo ikinyimwa mafuta hupasuka. Mimi karani nililisahau jambo hili: mwaka jana nilimruhusu fundi kupigilia misumari penye ufa mkavu wa kiti cha mwenyekiti, na ufa ukawa tundu. Sasa pataka kiraka, kishonwe kwa ndani. Viti vingine vitano vingali vya kupakwa mafuta tu.