Mwalimu Aliye Karibu: Watu Walivyoipata Sanaa Yao ya Mapigano

Ukimuuliza mtu anayefanya mazoezi ya judo, karate au ngumi kwa nini aliuchagua mchezo huo na si mwingine, aghalabu atakutajia sifa za mchezo wenyewe. Mcheza judo atasema kwamba judo humwezesha mtu mdogo kumwangusha mkubwa. Mcheza karate atataja nidhamu. Majibu haya si ya uongo. Hata hivyo, historia ya sanaa hizi inaonyesha mpangilio mwingine: mara nyingi mtu alimpata mwalimu kwanza, kwa kuwa mwalimu huyo alikuwa karibu, na sababu zikafuata baadaye. Makala haya yanalifuatilia jambo hilo kwa mifano michache.

Tuanze na Kano Jigoro, mwasisi wa judo, kwa sababu yeye alitoka nyumbani akiwa amekusudia kuchagua. Alizaliwa Japani mwaka 1860, akakua akiwa na umbo dogo na kuonewa na wenzake shuleni. Alisikia kwamba ipo sanaa iitwayo jujutsu, ambayo kwayo mnyonge anaweza kumshinda mwenye nguvu, akaanza kuitafuta. Lakini aliitafuta wakati mbaya. Baada ya mageuzi ya 1868 tabaka la samurai lilipoteza nafasi yake, na walimu wa jujutsu wakakosa wanafunzi. Baadhi yao waliishi kwa kazi ya kuunga mifupa, ujuzi uliokwenda sambamba na mafunzo yao. Kano alilijua hilo, na hivyo akawa anapita kwa waunga mifupa wa Tokyo akiwauliza kama wanamfahamu mwalimu. Mmoja wao, Yagi Teinosuke, ndiye aliyempeleka kwa Fukuda Hachinosuke mwaka 1877. Fukuda alifundisha mtindo wa Tenjin Shin'yo. Basi huo ndio aliojifunza Kano.

Fukuda alifariki mwaka 1879. Kano akaendelea na mtindo uleule kwa mwalimu mwingine, Iso Masatomo, naye akafariki mwaka 1881. Hapo ndipo Kano alipohamia kwa Iikubo Tsunetoshi, aliyekuwa wa mtindo wa Kito, ambao nguvu yake ilikuwa katika kumwangusha mpinzani. Mwaka uliofuata, 1882, Kano alianzisha shule yake, Kodokan, katika hekalu la Eishoji, kwenye nafasi ya mikeka 12 tu. Judo aliyoifundisha humo ilichanganya mitindo yote miwili. Kama Iso angeishi miaka 10 zaidi, sidhani kama leo tungekuwa na judo hii tunayoijua. Mtu aliyechagua kwa makini kuliko wote katika makala haya alichaguliwa nusu ya njia na misiba.

Wengine hata hawakutafuta. Mjini Foshan, kusini mwa China, mwalimu wa Wing Chun aitwaye Chan Wah-shun alikodi ukumbi wa ukoo wa akina Ip na kufundishia humo. Mtoto mmoja wa ukoo huo, Ip Man, akawa mwanafunzi wake. Baada ya mapinduzi ya 1949 Ip Man aliishi Hong Kong, ambako alifundisha ili apate riziki, na katika miaka ya 1950 alimpata kijana Bruce Lee. Vivyo hivyo Brazili: Maeda Mitsuyo, mwanafunzi wa Kodokan aliyeondoka Japani mwaka 1904, alizunguka nchi nyingi akipigana kwa malipo, hatimaye akakaa Belém, ambako alifahamiana na Gastão Gracie na kumfundisha mwanawe Carlos. Kwa kuwa wakati huo judo ilikuwa bado inaitwa jujutsu ya Kano, Wabrazili walibaki na jina lile la zamani. Wanaobishana leo kuhusu ubora wa judo na jujutsu ya Kibrazili wanabishana kuhusu ndugu wa tumbo moja.

Mtu anaweza kupinga kwamba filamu zilibadilisha mambo haya. Ni kweli kwa sehemu. Filamu ya Enter the Dragon ilipotolewa mwaka 1973, mwezi mmoja baada ya kifo cha Bruce Lee, vijana wa nchi nyingi walipata hamu kabla ya kupata mwalimu. Lakini hamu peke yake haifundishi mateke. Aliyetoka sinema akitaka kupigana kama Bruce Lee, na katika mji wake pana mwalimu wa karate tu, alivaa vazi la karate.

Sababu zinazokuja baadaye nazo zina historia yake, na hapa wanalugha tuna la kusema. Neno karate liliwahi kuandikwa kwa herufi zenye maana ya "mkono wa Kichina", jambo lililoonyesha wazi asili ya sehemu ya sanaa hiyo. Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alipendelea herufi nyingine zenye matamshi yaleyale na maana ya "mkono mtupu", akizihusisha na fikra za Kibudha kuhusu utupu. Mwaka 1936 mkutano wa walimu mjini Naha uliafiki maandishi hayo mapya. Hiki kilikuwa kipindi cha uhasama kati ya Japani na China, na jina la Kichina halikuwa na soko. Funakoshi mwenyewe alianza karate kwa sababu alikuwa mtoto dhaifu ambaye rafiki yake wa shule alikuwa mwana wa Azato Anko, bingwa wa sanaa hiyo. Utupu haukuwapo katika hesabu.

Hapa kwetu Uganda mfano ulio wazi zaidi ni ngumi. Medali za kwanza za Uganda katika Olimpiki, Mexico mwaka 1968, zilikuwa za mabondia: Eridadi Mukwanga alipata fedha na Leo Rwabwogo shaba. Ngumi za kisasa hazikuingia nchini kwa kushindanishwa na sanaa nyingine. Zilikuja na ukoloni, na jeshi likawa moja ya makao yake. Idi Amin, aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946, alikuwa bingwa wa Uganda katika uzito wake kuanzia 1951 hadi 1960. Lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo askari wa Kiacholi au wa Kikakwa aliyepelekwa ulingoni alizipata ngumi na Kiswahili katika kambi moja, bila kuulizwa kama alivipenda. Uraiani Waganda waliziita ebikonde.