Silaha Iliyofichwa Kiaziini: Tarehe ya Okidi na Dawa Zake

Mtu wa Nyahanga, pale Kahama ambapo mgodi wa Buzwagi ulitoa dhahabu tangu mwaka 2009 hata 2021, amezoea kupima mali ya ardhi kwa mawe. Walakini nchi yetu ina viazi vya okidi pia, ambavyo watu wamevichimba kwa kula na kwa dawa, aghalabu pasina kuuliza kwa nini mmea dhaifu namna ile ujitengenezee dutu kali ndani ya mwili wake.

Jawabu lilianza Ufaransa. Mwaka 1899 Noël Bernard alibaini ya kwamba mbegu ya okidi, iliyo laini kama vumbi na isiyo na akiba ya chakula, haioti porini mpaka iingiliwe na kuvu wa udongoni. Basi mgeni huyo huzuiwaje asimmalize mwenyeji wake? Bernard akaweka kipande cha kiazi mbele ya kuvu katika chombo cha maabara. Kuvu akatambaa, akakaribia, kisha akasita kabla ya kukigusa. Habari za jaribio hilo zilitoka mwaka 1911, naye alikuwa amekwisha kufariki mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 36, na kwa rai yangu kila afundishaye tiba ya mimea ana wajibu wa kumtaja. Katika miaka ya 1950 Ernst Gäumann na wenzake, mjini Zürich, waliitenga dutu yenyewe, wakaiita orkinoli.

Wala si kuvu peke yake aingiaye mwilini mwa mmea. Huku nyuma, mwaka 1907, Smith na Townsend wa Marekani walikuwa wamemtambua bakteria aletaye uvimbe katika mimea, ambaye baadaye ilidhihirika kuwa hupenyeza vinasaba vyake ndani ya mmea, hata wataalamu wakamfanya tarishi wa vinasaba wavitakavyo. Bakteria huyo huvutwa na kemikali za jeraha, na okidi, kama nafaka, haikuwa rahisi kwake. Ilipofika mwaka 2000 ndipo watafiti wa Japani walipotangaza kufaulu kumtumia kwa okidi za Phalaenopsis.

Lakini silaha ya kiazini haimzuii binadamu. Kitulo, kusini mwa Tanzania, ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, maana viazi vya okidi vilikuwa vikivushwa kwa wingi kwenda Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kila mmea una viazi viwili, cha zamani kilichonywea na kipya kigumu kilichowekwa kwa ajili ya msimu ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kipya.